Jeki za Daraja la Britannia, na mbao zilizookoa kazi

Nikipewa picha ya zamani ya daraja likijengwa, swali langu la kwanza ni hili: uzito umeshikwa na nini kabla daraja halijaweza kujibeba lenyewe?

Tazama litografu (picha zilizochapwa kutoka mchoro wa jiwe) za George Hawkins za Daraja la Britannia, Wales, lililojengwa na Robert Stephenson kati ya 1846 na 1850. Treni zilipita ndani ya mabomba ya chuma ya pembe nne. Kila bomba kubwa lilikuwa na urefu wa takriban mita 140 na uzito uliopita tani 1,500. Yaliundwa ufukweni, kisha, kuanzia Juni 1849, yakasafirishwa majini juu ya matishali hadi kwenye minara ya daraja, huku makundi ya watu yakizungusha winchi za mkono kuvuta kamba. Ni tukio la kumfurahisha mchoraji yeyote.

Kazi ngumu hasa ilikuwa juu, ndani ya minara, ambako mtazamaji wa ufukweni haoni kitu. Pampu ya mvuke ilisukuma maji kwenye silinda ya jeki, mashine ya kuinulia mizigo. Pistoni ikapanda na minyororo ya vyuma bapa iliyoshika bomba. Ikifika futi 6, minyororo inabanwa, pistoni inashushwa, kazi inaanza upya. Stephenson aling'ang'ania kwamba pengo chini ya bomba lijazwe mbao na matofali kadiri linavyopanda. Kazi ya kuchosha, na naamini wapo walionung'unika. Agosti 1849 kitako cha silinda kikapasuka. Bomba lilishuka chini ya sentimita 25, likatua juu ya zile mbao.

Miaka ya 1880, kwenye Daraja la Forth, Uskoti, Evelyn Carey alikuwa na kamera. Picha zake hazichagui: kreni, boila, kamba, vyuma chakavu, vyote vimo, na aliyejitikisa amegeuka ukungu. Hata hivyo mashine ninayoipenda kuliko zote pale, ya mkandarasi William Arrol ya kugongea ribiti (misumari ya chuma ya kuunganishia mabamba), inamshinda. Ilibana ribiti ya moto kwa jeki mbili zinazotazamana, moja nje ya bomba la chuma la daraja hilo na nyingine ndani. Picha hukupa ile ya nje tu. Kuelewa ilivyofanya kazi, lazima utafute mchoro wa mkato, unaoonyesha kitu kana kwamba kimekatwa katikati.