Pendekezo la kubadili katiba ya jiji hupitia wapi kabla ya kupigiwa kura?

Majiji mengi ya Marekani yana katiba zao wenyewe. Humo ndimo mnamoandikwa meya ana mamlaka gani, madiwani ni wangapi na idara zipi ni lazima ziwepo. Nairobi na Dar es Salaam hazina hati ya namna hiyo. Mamlaka yao hutoka kwenye katiba ya nchi na sheria za bunge. Ndiyo maana ndugu zetu wengi waliohamia huko huona jambo hili geni, na mimi, ambaye kazi yangu ni kufafanua sheria za serikali za mitaa, hupenda kulieleza kwa mfano wa Minneapolis.

Katiba ya Minneapolis inalitaka baraza la jiji ligharamie kikosi cha polisi chenye waajiriwa wasiopungua 0.0017 kwa kila mkazi. Piga hesabu: sensa ya 2020 ilikuta wakazi karibu 430,000, kwa hiyo ni waajiriwa wapatao 730. Baada ya George Floyd kuuawa na askari polisi Mei 2020, madiwani walitaka kuiondoa idara ya polisi katika katiba na kuweka idara mpya ya usalama. Tarehe 26 Juni walipiga kura, wote 12 waliokuwepo wakaunga mkono.

Hapo wengi walidhani kazi imekwisha. Kumbe sheria ya jimbo la Minnesota inataka pendekezo la madiwani lipelekwe kwanza kwa Tume ya Katiba. Minneapolis ina tume ya watu 15, na hawachaguliwi na wananchi. Huteuliwa na jaji mkuu wa mahakama ya wilaya. Tume ina siku 60 za kulichambua pendekezo, na ikiona hazitoshi inaweza kujiongezea 90. Husikiliza maoni ya wananchi, kisha hukubali, hukataa, au huandika pendekezo mbadala.

Sasa angalia jambo ambalo hupita bila kuonekana. Tume ikikataa, madiwani bado wana haki ya kulipeleka pendekezo lao kwa wapiga kura. Kukataa kwake ni ushauri tu. Nguvu yake halisi ni muda. Tarehe 5 Agosti 2020 wajumbe 10 dhidi ya 5 waliamua kuchukua zile siku 90 za ziada. Mwisho wa kupeleka maswali ya kura ya Novemba ulikuwa Agosti hiyo hiyo, kwa hiyo swali likakosa kura ya mwaka huo. Waliotaka muda walisema pendekezo limeandikwa haraka na halielezi idara mpya itafanyaje kazi. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini naamini pia kwamba watu wasiochaguliwa na wananchi hawapaswi kuwa na uwezo wa kuahirisha kura kwa kuacha kalenda ipite, na sheria ingefaa ilinganishe siku za tume na tarehe za uchaguzi.

Mwaka uliofuata wananchi walitumia mlango mwingine: sahihi. Zinahitajika sahihi zinazofikia asilimia 5 ya kura zilizopigwa jijini katika uchaguzi mkuu wa jimbo uliotangulia. Wao walikusanya zaidi ya 20,000. Kwa njia hii tume haiwezi kulizuia swali, ila ugomvi ulihamia kwenye maneno ya karatasi ya kura. Je, yanamweleza mpiga kura kitakachobadilika, au yanampotosha? Tarehe 14 Septemba 2021 jaji aliyatupa. Tarehe 16 Mahakama ya Juu ya Minnesota ikatengua uamuzi huo, na siku iliyofuata upigaji kura wa mapema ukaanza.

Swali la polisi lilikataliwa kwa takriban asilimia 56. Karatasi hiyo hiyo ilikuwa na swali jingine, la kumpa meya mamlaka yote ya utendaji, ambalo liliandaliwa na Tume ya Katiba yenyewe. Hilo lilipita kwa takriban asilimia 52. Huko Minnesota nusu na kura moja haitoshi kubadili katiba ya jiji: lazima asilimia 51 ya waliopiga kura juu ya swali hilo waseme ndiyo.