Pima buti kabla ya injini: gari la familia na treina ya ndani kwa mwendesha baiskeli

Mteja akishachukua baiskeli yake, mara nyingi hubaki mlangoni na swali lisilohusu baiskeli: "Fundi, na gari ninunue lipi?" Jibu langu huwakera wengi. Baiskeli isikuchagulie gari. Gari ni la shule, soko na safari ya ushago. Baiskeli ni abiria wa Jumapili tu. Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, ukitaka kufanya mazoezi, gari hilo linasubiri kupeleka watoto, nawe utafanyia nyumbani. Kwa hiyo mimi huhesabu gari na treina, yaani kile kifaa kinachoshika baiskeli ikae mahali pamoja huku ukikanyaga, kama bajeti moja. Unachookoa kwenye gari kinahamia kwenye treina.

Tuanze na gari. Baiskeli ya lami ya saizi ya kati ina urefu wa karibu mita 1.7, kutoka ncha ya tairi la mbele hadi ncha ya tairi la nyuma. Toa gurudumu la mbele, inabaki mita 1.35 hivi. Toa yote mawili, umebaki na mita moja na kidogo, pamoja na magurudumu mawili ya sentimita 67 kila moja ya kupenyeza pembeni. Baiskeli ya milimani husumbua zaidi kwa sababu ya usukani: ule wa lami una upana wa sentimita 40 hadi 44, wa milimani hufika 80, na lazima uugeuze ulale sambamba na fremu.

Basi nenda yadi ya magari ya Ngong Road au Kiambu Road, Nairobi, na futi ya fundi seremala, usiende na hamu peke yake. Muuzaji atakufungulia boneti. Wewe mwambie afungue buti. Laza viti vya nyuma, kisha pima sakafu kuanzia mlango wa nyuma hadi migongo ya viti vya mbele, huku viti hivyo vikiwa vimerudishwa pale mnapokaa kweli. Halafu pima kimo cha mdomo wa buti, maana magari mengi yana nafasi kubwa ndani ila mlango umeinama, baiskeli inakwama tandikoni. Na kama mtoto bado anatumia kiti chake, kifunge kwanza. Viti vya nyuma vingi hugawanyika vipande viwili visivyo sawa, kikubwa na kidogo. Swali ni kama kile kikubwa kinalala huku mtoto amekaa kwenye kidogo. Hilo ndilo litakaloamua kama familia itakuja nawe msitu wa Karura au utaenda peke yako.

Kwa magari tunayoyaona hapa, Fielder hunitosheleza kuliko mengi: paa liko chini lakini sakafu ni ndefu, na spea ziko kila kona. Probox hubeba chochote bila kulalamika, ila viti vyake vya nyuma vimesimama wima, na watoto watakukumbusha hilo kabla hamjafika Naivasha. Noah ina milango ya kuteleza, na safu yake ya tatu ya viti inakunjwa na kuning'inia pembeni, kwa hiyo baiskeli mbili zinaweza kusimama wima bila kumfukuza mtu kwenye safu ya pili. Honda Fit ni ndogo ila ina ujanja wake. Tangi la mafuta limewekwa chini ya viti vya mbele, kwa hiyo makalio ya kiti cha nyuma yanainuka juu na kuacha nafasi ndefu ya wima, inayofaa sana baiskeli za watoto. Forester na Outback wapanda baiskeli wa Nairobi wanazipenda mno. Ni magari mazuri, lakini kama barabara zako ni za lami, sioni kwa nini ulipie magurudumu manne yanayosukuma mwaka mzima ili ukaegeshe Tigoni. Na kumbuka sheria ya Kenya: gari la mtumba linaloingizwa halitakiwi kuzidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo toleo la bei nafuu unaloliona kwenye mtandao wa Japani huenda lisikufae kabisa.

Keria ya paani siipendekezi kwa gari la familia. Gari la kimo cha mita moja na nusu, ongeza keria na baiskeli iliyosimama, umefika mita 2.6. Vizuizi vya kuingilia maegesho ya chini ya maduka makubwa viko chini sana ya hapo, na mtu aliyechoka baada ya mwendo mrefu hukumbuka baiskeli iko juu anaposikia mlio. Keria ya mikanda ya mlango wa nyuma ni rahisi, lakini angalia mambo matatu: isizibe namba ya gari na taa, ndoana zisikae kwenye plastiki ya spoila, na tairi lisining'inie karibu na ekzosi. Nimeona tairi lililoyeyuka upande mmoja, na mwenyewe akidhani ni kasoro ya kiwandani.

Ukiiweka baiskeli ndani ya gari, hamisha mnyororo hadi gia ndogo kabisa ya nyuma kabla ya kutoa gurudumu, uilaze upande usio na mnyororo, uifunge kwa mkanda. Mzigo usiofungwa huruka mbele ukikanyaga breki. Kama breki ni za diski za mafuta, chukua kipande cha boksi gumu, kikunje mara mbili, ukipenyeze katikati ya pedi mara tu gurudumu linapotoka. Bila hivyo, mtoto akibonyeza mkono wa breki humo ndani ya gari, pistoni zinasogea, pedi zinakutana, na mkifika gurudumu halirudi. Jumatatu nyingi hunijia baiskeli za namna hiyo.

Sasa treina. Zipo za aina mbili kuu: ile ambayo tairi la nyuma linakaa juu ya rola, na ile unayotoa gurudumu la nyuma na kufunga mnyororo moja kwa moja kwenye mashine. Ya pili ni tulivu na inapima wati vizuri zaidi, ila lazima kaseti yake, yaani fungu la gia za nyuma, ilingane na idadi ya gia zako na ekseli iwe na adapta sahihi. Ya rola ni ya bei ya chini, na zile za sumaku au za mafuta hazihitaji stima, jambo ambalo hapa kwetu si dogo.

Programu za kuendesha baiskeli mtandaoni, ukiwa kwenye treina? Zwift ni dola 19.99 kwa mwezi tangu 2024. MyWhoosh, ya Abu Dhabi, ni ya bure, kwa hiyo anza nayo. Wanaodhani haya ni michezo ya watoto waangalie 2020, UCI, shirikisho la baiskeli duniani, ilipoandaa ubingwa wa dunia wa kwanza wa mtandaoni: Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini alishinda upande wa wanawake, na upande wa wanaume akashinda Jason Osborne wa Ujerumani, ambaye alikuwa mpiga makasia. Ila ukiwa Nairobi usijilinganishe sana na mtu wa Uholanzi. Programu inahesabu wati zako, wala haijui kwamba unapumua hewa ya zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari.

Kabla ya mashine, nunua feni. Mwili hugeuza takriban robo tu ya nguvu zake kuwa kazi kwenye pedeli, kilichobaki ni joto. Ukikanyaga wati 200, unatoa wati 600 hivi za joto, tena bila ule upepo wa barabarani. Mapigo yanapanda, miguu inalegea, na mtu anadhani hana mazoezi kumbe amepikika. Kwa msomaji wa Mombasa au Dar, feni moja haitoshi.

Jasho nalo lina kazi yake. Nikivua utepe wa usukani wa baiskeli iliyokaa kwenye treina bila taulo, hukuta unga mweupe, na chini yake alumini imeliwa vishimo vishimo. Baiskeli hiyo huenda haijawahi kunyeshewa. Tandika taulo kwenye usukani, na kila ukimaliza ufute boliti za shingo ya uma.

Kwenye ghorofa, kinachomuamsha jirani wa chini ni mtetemo unaopita sakafuni, sauti ya hewani ni kidogo. Weka zulia zito la mpira juu ya sponji ngumu. Ukinunua treina ya rola ya mtumba, izungushe kwa mkono kwanza: ikikwaruza, beringi zimekwisha, ya mafuta ikiacha alama sakafuni, mrudishie muuzaji.