Kikombe cha Kahawa Mara Nane kwa Siku: Mgonjwa Kuamini Kwamba Anaweza Baada ya Upasuaji wa Saratani ya Tumbo

Mwanzoni mwa kazi yangu ya kuuguza wagonjwa wa upasuaji, nilimwandaa kwenda nyumbani mzee mmoja aliyeondolewa mfuko wote wa chakula kwa sababu ya saratani. Nilimsomea maagizo yote kwa haraka mbele ya mkewe, naye akaitikia kila sentensi kwa "ndiyo, sista". Wiki tatu baadaye alirudi amekonda mno, na karatasi ya maagizo ilikuwa bado mfukoni mwa shati, imekunjwa vilevile nilivyoikunja mimi. Siku moja alikuwa amekunywa bakuli zima la uji wenye sukari nyingi, na baada ya kama robo saa moyo ukamwenda mbio, jasho likamtoka, nguvu zikamwishia. Nyumba nzima ikaamini kwamba saratani imerudi, naye akaogopa kula. Maelezo alikuwa nayo. Alichokosa ni imani kwamba yeye mwenyewe anaweza kuyatekeleza, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliifafanua imani ya namna hii mwaka 1977, akiitenganisha na kujiamini kwa jumla, kwa kuwa inahusu jambo moja mahususi: je, nina uhakika kwamba nitaweza kulitenda hili, katika hali hii niliyo nayo? Nahodha aliyezoea kuvuka kwenda Pemba usiku bila wasiwasi anaweza kutetemeka mbele ya sahani ya wali. Bandura alitaja vyanzo 4 vya imani hiyo, na chenye nguvu kuliko vyote ni mtu kulitenda jambo na kuona limefanikiwa. Hicho ndicho tunachomnyima mgonjwa kwa mapenzi yetu: binti anamlisha, mke anamwogesha, nasi wauguzi tunapita tukisifu jinsi anavyohudumiwa.

Siku hizi, daktari akisharuhusu kula, mimi huwaambia ndugu walete kikombe kidogo cha kahawa, kama vile vya wauza kahawa wa Ngamiani, Tanga, kisha humwachia mgonjwa ajimiminie uji mwepesi mwenyewe, anywe taratibu, asubiri, aone kilichotokea. Humuuliza: "Kuanzia 0 hadi 10, una uhakika kiasi gani kwamba kesho utaweza kikombe hiki mara 6?" Akijibu 4, simhimizi, tunapunguza idadi mpaka aseme 7 au zaidi, kwa sababu lengo dogo lililofikiwa humjenga kuliko lengo kubwa lililomshinda mbele ya wageni. Polepole anafika mara 8 kwa siku, uji unafuatiwa na samaki aliyechambuliwa miiba na wali laini, na maji anakunywa kama nusu saa kabla au baada ya chakula, wala si pamoja nacho.

Nahodha mmoja alinifundisha lugha bora kuliko yangu. "Sista, hiki sasa ni chombo kisicho na ngama," alisema, "hakuna pa kuweka shehena, basi nipakie kidogo kidogo, safari nyingi." Tangu hapo nimeitumia kauli hiyo kwa kila mtu wa pwani, na baadaye nahodha huyo alikubali kuzungumza na wagonjwa wapya. Aliwaonyesha shati lake lililopunguzwa na fundi, na jinsi anavyobeba ndizi na yai la kuchemsha anaposhinda bandarini. Mgonjwa akimwona mwenye ugonjwa kama wake na maisha kama yake, anasadiki zaidi kuliko akinisikiliza mimi mwenye tumbo zima. Maneno ya kutia moyo yana nafasi yake, na dua pia, lakini "utapona tu, inshallah" lisilofuatiwa na kazi ya kufanya huyeyuka kabla ya magharibi.

Sehemu ninayoitumia muda mrefu zaidi ni kumfundisha mtu kuusoma mwili wake. Mapigo ya haraka, jasho na kizunguzungu dakika 10 hadi 30 baada ya kula, hasa vitu vitamu, mara nyingi hutokana na chakula kushuka haraka kwenye utumbo. Alale kidogo, na safari ijayo apunguze kiasi na sukari. Homa, kutapika kusikokoma, choo cheusi kama lami au kidonda kinachotoa usaha ni mambo mengine kabisa, na hapo aje hospitali bila kungoja kliniki. Anayezijua tofauti hizi hatishwi na kila mshtuko, wala hajikazi kishujaa pale penye hatari.

Liko pia suala la vitamini B12, ambayo mwili hauwezi kuifyonza vizuri baada ya mfuko wote wa chakula kuondolewa, hivyo kwa kawaida huhitaji sindano maisha yote. Akiba iliyo kwenye ini inaweza kudumu miaka, mtu akajiona mzima na kuziacha sindano. Yule nahodha alinijia mwezi uliopita siku 5 kabla ya tarehe yake. Alikuwa na safari ya Pemba, alisema, na alitaka kujua kama anaweza kuchomwa mapema. Mkononi alikuwa na kikapu, na ndani yake kile kikombe.