Kiingereza cha andiko la mradi: yanayoaminiwa Mwaloni na ukweli wake

Akina mama wanaokausha dagaa Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, na vijana wa kisiwa cha Ukerewe hukwama mahali pamoja: wazo wanalo, hesabu wanazo, ila mfadhili anataka andiko kwa Kiingereza. Wanaishia kumlipa mtu wa steshenari awaandikie, na dhana nyingi potofu huanzia hapo.

Dhana: Kiingereza kizito ndicho kinachovuta fedha.

Si kweli. Anayepokea maandiko ana rundo mezani, na anachotafuta ni tatizo, kazi itakayofanyika, muda na gharama. "It is with utmost humility that we hereby beg your esteemed office" humchelewesha tu. Tena huwashusha waombaji. Mama aliyeamka alfajiri kuwahi dagaa haombi sadaka, anapendekeza kazi! Basi aanze na kazi yenyewe: "We are writing to propose the construction of 20 raised drying racks at Kirumba." Tatizo lifuate: "At present, our members dry dagaa on the sand, and much of it spoils when it rains." Kisha lengo: "The project aims to reduce these losses." Halafu kile kinachosahaulika mno: "By the end of 12 months, ..." Kifungu hiki nakithamini kuliko vyote, kwa sababu hakiandikiki mpaka kikundi kikae na kukubaliana ni nini hasa kitakuwa kimebadilika.

Dhana: ukitaja fedha waziwazi utaonekana mroho.

Zitaje, na mchango wenu pia: "The total cost is TZS 6,000,000, of which the group will contribute TZS 900,000." Kwenye bajeti msiandike "etc." hata mara moja. Mhasibu hawezi kupitisha matumizi yasiyo na jina.

Dhana: chukua andiko la wenzako, badilisha jina.

Vifungu vya maneno chukueni, ni vya wote. Tatizo na hesabu viwe vyenu. Andiko la kikundi cha Sengerema likibaki na jina la mwalo (mahali pa kushushia samaki) wa Musoma ndani yake, msomaji ataacha kuliamini hapo hapo.

Dhana: lazima kila ombi liwe la Kiingereza.

Hapana. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu) huombwa kwa Kiswahili.

Dhana: mwisho wa barua ni wowote tu.

Kwa desturi ya Uingereza, ukianza na "Dear Sir or Madam" funga na "Yours faithfully". Ukianza na jina la mtu, "Yours sincerely". Juu ya sahihi ongezeni mwaliko: "We would be pleased to show you our work at the landing site." Na awepo mtu wa kumpokea akija.