Uainishaji wa wanyama, na namna ya kumfundisha mtoto

Uainishaji ni kupanga wanyama katika makundi kwa kufuata kigezo. Hicho kigezo ndicho kinachorukwa darasani. Mtoto anakariri samaki, amfibia, reptilia, ndege na mamalia, anapata vema zote, kisha ukimuuliza kwa nini popo si ndege ilhali anaruka, anakutumbulia macho. (Popo ana manyoya ya mnyama, anazaa na kunyonyesha.)

Kwa mtoto wa Mwanza, mimi ningeanzia soko la Mwaloni, Kirumba. Pale wafanyabiashara wanaainisha kutwa nzima: dagaa huku, sangara kule, sato pembeni, wabichi mbali na wakavu. Muulize, hawa wametengwa kwa kuangalia nini? Akijibu ukubwa, bei au ukavu, kigezo amekishika. Halafu badilisha swali: nani ndugu wa nani? Hapo mpangilio wote unavurugika. Sato anayejaza sahani ni wa ukoo mmoja na furu mdogo. Dagaa wa Mwanza na dagaa wa Kigoma, wanaopikwa namna moja, ni wa koo tofauti: wetu yuko kundi moja na ningu, samaki mwingine wa Ziwa Victoria, na wa Ziwa Tanganyika ni jamaa wa sardini wa baharini. Muuzaji hajakosea, kigezo chake ni kingine.

Kosa la kawaida ni kuchanganya vigezo. Mwambie mtoto apange "wanyama wa majini, wanaofugwa na ndege", uone bata atamweka wapi. Anaingia kote! Kila hatua iwe na swali moja: ana uti wa mgongo au hana? Konokono, kaa na kumbikumbi wanatoka upande mmoja. Waliobaki, endelea: wana manyoya, magamba, au ngozi tupu yenye unyevu kama chura?

Swali la anapoishi mnyama linadanganya sana. Mwaka 1758 Carl Linnaeus, msomi wa Sweden, alimtoa nyangumi kwenye samaki akamweka na mamalia, kwa kuwa anapumua kwa mapafu na kunyonyesha. Ziwani kwetu fisi maji ni mamalia vilevile, hata kama chakula chake ni samaki.

Sasa mlete kamongo. Ana mapafu, hupanda juu kuvuta hewa, na maji yakikauka hujichimbia kwenye matope. Watoto wengi watamhamishia kwa amfibia. Usiwakatize, waache wabishane. Kisha waulize kuhusu mapezi, magamba na matamvua. Anavyo vyote, ndiyo maana vitabu vinamwacha kwa samaki: sifa huangaliwa kwa pamoja. Kwa wanafunzi wa sekondari ongeza jambo moja: kwa undugu wa kizazi, kamongo yuko karibu zaidi na chura, hata na binadamu, kuliko na sangara. Kumbe kundi tunaloliita samaki limewekwa zaidi kwa urahisi wa kufundishia.

Ukipata nafasi ya kuvuka kwenda Kisiwa cha Saanane, ambacho ni hifadhi ya taifa, wape kazi ya pimbi wa kwenye mawe. Karibu wote watasema ni jamii ya panya. Waangalie kucha zake, bapa kama vijikwato, na meno mawili ya juu yaliyochongoka kama vipembe. Ndugu zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva.