Aiskrimu ya theluji: ipime kwa mizani, usiipime kwa kikombe

Kazi yangu ni kutengeneza vitu vitamu vya baridi, na nimeifanya kwa miaka mingi nikitumia mashine. Nyumbani, hata hivyo, theluji mpya inapoanguka mashine hubaki kabatini, kwa sababu wingu limekwisha kuifanya kazi yake. Ili aiskrimu iwe laini mdomoni inahitaji chembe ndogo sana za barafu zilizochanganyika na hewa, na theluji iliyoanguka muda si mrefu ni hivyo vitu viwili tu: chembe nyembamba zenye matawi, na hewa nyingi iliyonaswa katikati yake. Ikikaa chini, matawi hayo humong'onyoka, chembe hushikana na kukua, na baada ya siku moja au mbili kinachobaki ni punje ngumu zinazosikika kwenye meno. Kwa hiyo mapishi haya hufanywa siku ile ile theluji inapoanguka.

Kosa ninaloliona mara nyingi katika mapishi ya theluji ni kipimo. Utaambiwa uchukue vikombe 8 vya theluji kwa kopo moja la maziwa mazito yenye sukari, kana kwamba kikombe cha theluji ni kitu kimoja kila siku. Lita moja ya theluji mpya iliyo kavu huwa na uzito wa gramu 50 hadi 100 tu, ilhali theluji yenye majimaji iliyoshindiliwa kwa mkono hupita gramu 300 kwa lita bila taabu. Mwaka wa kwanza nilipowaachia wanangu kazi hii, walijaza vikombe kwa bidii, wakakandamiza kila kimoja mpaka kikashika umbo, nasi tukapata bakuli kubwa la barafu iliyosagika isiyo na utamu wowote. Watoto hawakuwa wamekosea. Walikuwa wamefuata kipimo nilichowapa. Tangu siku hiyo mizani hukaa mezani, na mtoto anayesoma tarakimu ndiye msimamizi wa kazi.

Uwiano ninaoutumia ni gramu 200 za maziwa mazito yenye sukari kwa gramu 400 za theluji, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha vanila na chumvi kidogo ya kubana kwa vidole viwili. Kwa kuwa zaidi ya nusu ya uzito wa maziwa hayo ni sukari, mchanganyiko wote hukaribia utamu wa aiskrimu ya kawaida. Ukipenda iliki ya unga, iweke ndani ya maziwa kabla ya kukutana na theluji, kwa maana baadaye haitapata nafasi ya kuenea.

Kabla ya kuchanganya, kila kitu kinachogusa theluji kiwe baridi: maziwa yalale kwenye friji tangu usiku, na bakuli la chuma pamoja na mwiko vikae nje kwa nusu saa. Barafu huyeyuka kwa kupewa joto, takriban jouli 334 kwa kila gramu, na maziwa yaliyotoka kabatini yana joto la kutosha kuharibu sehemu ya theluji kabla hujakoroga mara ya kwanza. Sukari nayo huyeyusha barafu kidogo, ila uyeyukaji huo hunyonya joto kutoka ndani ya mchanganyiko wenyewe, na ndiyo sababu bakuli huzidi kuwa baridi kadiri unavyochanganya. Mimina maziwa kwa uzi mwembamba juu ya theluji, kunja kwa mwiko kutoka chini kwenda juu, na uache mara tu weupe mkavu unapotoweka. Mikunjo 15 au 20 inatosha. Anayeendelea kukoroga ili apate ulaini zaidi huitoa hewa yote, na mwishowe hupata kitu chepesi kama uji.

Kuhusu theluji yenyewe mimi ni mkali. Chembe ya theluji huanza kujijenga juu ya kijivumbi, na inaposhuka hukusanya vumbi na masizi yaliyomo hewani. Kwa hiyo naiacha ianguke kwa saa moja au zaidi kabla ya kutoa bakuli safi na kuliweka juu ya meza, mahali pa wazi, mbali na miti, paa na barabara. Theluji inayoingia bakulini moja kwa moja ni bora kuliko yoyote inayochotwa ardhini. Karibu na barabara kuna chumvi, mafuta na moshi wa magari, na lundo lililosukumwa na mashine za kusafishia njia halifai kuliwa hata kama juu linang'aa. Weupe ni sharti, ingawa peke yake si uthibitisho wa usafi. Rangi ya njano au kijivu kila mtu huikataa, lakini ile ya waridi inayoonekana milimani huwavutia watoto, nayo hutokana na mwani wanaoishi ndani ya theluji. Hiyo pia hailiwi.

Siku ambayo theluji haikuniridhisha, sitaki watoto warudi ndani mikono mitupu, basi huitumia kama jokofu. Katika mfuko mdogo wenye zipu natia mililita 250 za krimu iliyochemshwa kiwandani, vijiko viwili vikubwa vya sukari na vanila. Katika mfuko mkubwa natia nusu kilo ya theluji na gramu 150 za chumvi ya punje kubwa, kisha mfuko mdogo unaingia ndani ya mkubwa. Chumvi hushusha kiwango cha kuganda cha maji, na kwa uwiano huo kinaweza kufika karibu na nyuzi 21 chini ya sifuri, ingawa mikononi mwa watoto hakishuki mpaka huko. Wakitikisa kwa dakika 10 krimu hushikana. Mfuko huo uzungushiwe taulo nene, kwa sababu baridi yake huunguza ngozi, na mfuko mdogo usuuzwe kabla ya kufunguliwa, la sivyo tone moja la maji ya chumvi litaharibu kazi yote.

Kitu cha tatu ni shira juu ya theluji, na hapa sufuria hushikwa na mtu mzima peke yake. Chemsha vikombe viwili vya sukari, kikombe kimoja cha maji na kijiko cha chai cha maji ya limau, ambayo asidi yake huizuia sukari isirudi kuwa punje. Shira hupanda joto kadiri maji yanavyopungua, nasi tunaitaka ifike nyuzi 113 za Selsiasi. Wanaoishi mahali pa juu wapime kwanza maji matupu yanayochemka, kisha waongeze nyuzi 13 juu ya namba watakayoiona, kwa kuwa maji huchemka mapema kwenye mwinuko. Shindilia theluji kwenye sinia, safari hii kwa nguvu zote, maana theluji nyepesi humezwa na shira. Mimina mistari mifupi. Utasikia mlio mdogo, kisha ule uzi wa dhahabu utapoteza mng'ao pembeni na kukunjamana. Hesabuni pamoja mpaka 20, ndipo watoto wauzungushe kwenye vijiti ukiwa laini na wa kuvutika. Wengine huweka asali badala ya sukari. Asali asipewe kamwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

Aiskrimu ya theluji haihifadhiki, kwani ikirudi kwenye jokofu hewa hutoka na asubuhi unakuta jiwe. Inayobaki bakulini naiacha iyeyuke kabisa, naimimina kwenye vikombe vidogo, nasimamisha kijiti katikati ya kila kimoja na kuigandisha upya, na kesho yake huwa ni barafu tamu ya kulamba.