One Piece ya kwenye TV inajikokota, na sababu ni hesabu

Watu wakijua kwamba kazi yangu ni kuhariri video, na kwamba ni mgonjwa wa anime (katuni za Kijapani), swali huwa ni moja: hivi One Piece, ile ya maharamia, mbona inajivuta hivyo? Wengi wanadhani ni uvivu wa wachoraji. Hapana, fanya hesabu.

Eiichiro Oda alianza kuichora kama kitabu cha picha (manga) kwenye jarida la Weekly Shonen Jump Julai 1997. Sura ya wiki ina kurasa 17 hivi, na kuna wiki anapumzika. Toei Animation wakaanza kurusha anime Oktoba 1999. Ile miaka miwili aliyowatangulia ndiyo ilikuwa akiba yao, wakaanza kuila.

Tazama episodi ya 37. Nami anajichoma kisu begani, kwenye ile tatuu ya Arlong, haramia aliyemtesa, anachoma tena, mpaka Luffy, shujaa wa hadithi, anaukamata mkono wake. Anaomba msaada huku analia. Luffy anamvika kofia yake ya majani, anasogea hatua kadhaa, anavuta pumzi, ndipo anajibu kwa ukelele. Kitabuni hiyo ni sura ya 81. Kwa hiyo kila episodi ilikuwa inameza zaidi ya sura mbili, na bado walipata nafasi ya kukaa kimya kabla ya jibu. Kimya kile kinakushika koo kwa sababu mambo yalikuwa yanakimbia.

Sasa nenda Dressrosa, kisa kirefu cha baadaye kwenye hadithi hiyohiyo. Sura ya 700 mpaka ya 801, jumla 102, zimetandazwa kwenye episodi 118, Januari 2014 mpaka Juni 2016. Sura moja haitoshi hata episodi moja! Ondoa wimbo wa kufungulia, ondoa marudio ya wiki iliyopita, bado una dakika nyingi za kujaza kwa kurasa 17. Hapo ndipo zinapoingia hila ambazo mhariri yeyote anazijua: kamera inapita taratibu juu ya mchoro uliosimama, nyuso tano zinashangaa moja baada ya nyingine, ngumi ileile inaonyeshwa tena kwa pembe nyingine. Mchoro unaweza kuwa mzuri sana (pambano la Luffy na Doflamingo, adui mkuu wa kisa hicho, lina vipande vya kutisha kwa uzuri), lakini mdundo umeshakufa.

Naruto, anime nyingine maarufu, walipita njia nyingine. Baada ya episodi ya 135 wakaacha kitabu kitangulie, wakatunga visa vyao karibu mpaka ya 220. Mashabiki huzitukana hizo za kujazia. Mimi naona afadhali hizo, kwa sababu unaziruka zote na hukosi kitu. Uso unaoshangaa sekunde sita katikati ya pambano lenyewe utaurukaje?

Toei nao wameshaliona. Anime ilisimama Oktoba 2024 ikarudi Aprili 2025, kisha wakatangaza kwamba kuanzia 2026 mwaka mzima hautazidi episodi 26. Kitabu sasa kitapata muda wa kutangulia.

Wewe unayeanza leo, tazama anime kwa raha zako mpaka episodi ya 628. Dressrosa isome kitabuni, halafu urudi kutazama yale mapambano tu.